SOMO LA MWEZI: KANISA GEREZANI – NANI ASHIKE UFUNGUO?

Soma kwanza: Mathayo 25:31-46, Matendo 16:16-40, Filemoni 8-16.



Hakuna Mkristo awezaye kusema kwamba hakuambiwa habari za wafungwa. Bwana wetu alipotaja mambo ambayo watu wataulizwa siku ya mwisho, aliweka kumtembelea aliye kifungoni pamoja na kumlisha mwenye njaa na kumvika aliye uchi. Kwa hiyo katika somo hili hatutauliza kama yatupasa kwenda gerezani. Jibu la swali hilo tumekwisha kupewa. Tutauliza swali la pili, ambalo ni gumu zaidi: tukiisha kufika huko, tuingie kwa namna gani? Je, tuingie kama wageni wenye Habari Njema, au kama watu waliokabidhiwa sehemu ya mamlaka ya serikali?

Swali hili limeleta ubishi mkubwa katika nchi mbalimbali, na huko Marekani ubishi huo ulifika mahakamani. Tutaitazama kesi hiyo kwa makini. Waliohusika walikuwa Wakristo wenye nia njema kama sisi, na wahenga walisema kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji.

1. MFUNGWA ALIYEWAKUMBUKA WAFUNGWA

Charles Colson alikuwa mshauri wa Rais Richard Nixon wa Marekani, mtu mwenye nguvu na mwenye kuogopwa. Mwaka 1974 alikiri mbele ya mahakama kosa la kuzuia haki isitendeke, akahukumiwa kifungo, akakaa gerezani miezi saba. Kabla ya kufungwa alikuwa amempokea Kristo. Watu wengi walimcheka, wakidhani ni ujanja wa kutafuta huruma. Lakini alipofunguliwa mwaka 1975 hakuwasahau wale aliowaacha nyuma ya ukuta. Mwaka 1976 alianzisha chama kiitwacho Prison Fellowship, yaani Ushirika wa Gerezani, akakitumikia hata alipofariki mwaka 2012. Basi tusianze somo hili kwa kumdharau. Alifanya jambo ambalo wengi wetu hatujalifanya.

Wakati huohuo, kule Brazil, kulikuwa na kazi nyingine. Mwaka 1972, katika mji wa São José dos Campos, mwanasheria Mário Ottoboni pamoja na Wakatoliki wenzake walianza kuwatembelea wafungwa. Kazi yao ilijulikana kwa jina la APAC. Hapo mwanzo jina hilo lilikuwa na maana ya kwamba ukimpenda jirani yako utampenda Kristo. Wafungwa waliitwa kwa majina yao, si kwa namba. Jamaa zao walikaribishwa. Tena, wafungwa wenyewe walikabidhiwa funguo za gereza. Habari hizo zilienea, na watu wa Prison Fellowship walipoziona walitamani kuwa na kitu cha namna hiyo kwao.

Hivyo mwaka 1997, katika jimbo la Texas, wakati George W. Bush alipokuwa gavana, ilianzishwa programu iliyoitwa InnerChange, maana yake badiliko la ndani. Mwaka 1999 programu hiyo iliingia katika gereza la Newton, jimbo la Iowa, kisha ikafika Kansas na Minnesota. Haikuwa ibada ya Jumapili tu. Mfungwa aliyejiunga aliishi pamoja na wenzake wa programu katika jengo lao. Siku nzima ilipangwa: ibada, masomo ya Biblia, kazi, elimu ya kawaida, na mafundisho juu ya ndoa na matumizi ya fedha. Mkristo mmoja kutoka nje alikuwa mshauri wake. Siku ya kufunguliwa ilipofika, kanisa lilimpokea na kumsaidia kupata kazi na mahali pa kulala.

Mtu yeyote aliyemwona mfungwa akitoka gerezani na nauli tu mfukoni, bila nyumba na bila rafiki, atakubali kwamba hapo palikuwa na upendo wa kweli.

2. MLANGO WA MBAO

Basi ubishi ulitoka wapi? Ulitoka katika mambo ambayo pengine sisi tusingeyatilia maanani.

Jengo walilokaa watu wa programu kule Newton liliitwa Jengo E. Vyumba vyake vilikuwa na milango ya mbao yenye vitasa na kufuli, kama milango ya nyumbani. Vyoo vilikuwa mahali pa peke yake, vimetengwa kwa sitara. Katika magereza mengi ya jimbo hilo choo cha chuma kimo ndani ya chumba, karibu na kitanda, na mtu hujisaidia mbele ya mwenzake. Watu wa Jengo E walikuwa na vitabu zaidi na kompyuta zaidi. Waliweza kukaa na jamaa zao mahali penye utulivu kuliko chumba cha kawaida cha wageni. Hukumu zao hazikupunguzwa, lakini walipata mapema masomo ambayo mfungwa hutakiwa kuyamaliza kabla ya kufikiriwa kufunguliwa.

Sasa jiweke mahali pa mfungwa mwingine wa gereza hilohilo. Tuseme wewe ni Mwislamu, au Mkatoliki, au huna dini yoyote. Nawe umechoka na choo cha wazi. Nawe wataka kukaa na mkeo na watoto wako kwa utulivu. Nawe wataka kujirekebisha. Waambiwa kwamba programu ni ya hiari, na kwamba hata asiye Mkristo anaruhusiwa kujiunga. Ni kweli, hapana aliyekulazimisha. Lakini ukiingia ni lazima ushiriki yote, na yote yamejengwa juu ya imani ya Kikristo kama inavyofundishwa na makanisa ya kiinjilisti. Wauliza, “Je, ipo programu nyingine ya namna hii isiyokuwa ya dini hiyo?” Waambiwa kwamba haipo.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo lote. Mlango wa mbao ni kitu kidogo kwa mtu aliye huru. Kwa mfungwa ni kitu kikubwa sana.

Jambo la pili lilikuwa fedha. Prison Fellowship ililipa sehemu kubwa ya gharama kwa sadaka za Wakristo, lakini jimbo la Iowa nalo lilitoa zaidi ya dola milioni 1.5 kwa muda wa miaka kadhaa. Sehemu ya fedha hizo ilitoka katika mfuko wa simu za wafungwa. Mfungwa au jamaa yake alipolipia simu, sehemu ya malipo iliingia katika mfuko huo. Kwa hiyo mama maskini wa dini nyingine, aliyelipa ili aisikie sauti ya mwanawe, alikuwa akilipia mafundisho ya dini isiyo yake bila kuulizwa.

3. WALIYOSEMA PANDE ZOTE MBILI

Mwaka 2003 chama kimoja kinachotetea utengano wa dini na serikali kilifungua mashtaka, pamoja na baadhi ya wafungwa. Waliegemea Badiliko la Kwanza la Katiba ya Marekani, lililokubaliwa mwaka 1791, ambalo lakataza serikali isiiweke dini yoyote kuwa dini yake, na pia lalinda uhuru wa kila mtu kuabudu.

Ni vema tusikilize pande zote mbili kwa haki, maana asiyesikia ila neno la mmoja huhukumu vibaya.

Waliotetea programu walisema hivi: Kwanza, kila mfungwa alijiunga kwa hiari yake. Pili, fedha za serikali zilitumika kwa mambo yasiyo ya dini, na mambo ya dini yalilipiwa na Wakristo wenyewe. Tatu, kupunguza uhalifu ni faida kwa watu wote, waamini na wasioamini. Nne, serikali ikiwaruhusu watu wasio na dini wafundishe gerezani, kisha iwazuie wenye dini, huko nako ni kuonea.

Waliopinga walijibu: Hiari gani iliyopo penye njia moja tu? Tena mtawezaje kutenganisha fedha za dini na fedha zisizo za dini, ikiwa hata somo la kutunza hasira na somo la ulevi hufundishwa kwa Biblia? Na faida ya watu wote haimpi mtawala ruhusa ya kumwambia raia wake aabudu namna gani.

Tarehe 2 Juni 2006 Jaji Robert Pratt alitoa hukumu: programu ile, kwa namna ilivyoendeshwa na kulipiwa, ilivunja Katiba. Aliagiza ifungwe, na chama kirudishe fedha zote kilizopokea. Katika hukumu yake alieleza kwamba dini iliyofundishwa mle ni tofauti hata na ile ya Wakristo wengine wengi, akiwataja Wakatoliki, Walutheri, na hata Waepiskopali. Waepiskopali ndio ndugu zetu wa Ushirika wa Kianglikana huko Marekani. Twaona basi kwamba aliyejikuta nje ya mlango ule hakuwa Mwislamu peke yake. Huenda angekuwa Mwanglikana kama wewe na mimi.

Rufani ilikatwa. Mwezi wa Desemba 2007 majaji watatu, mmoja wao akiwa Sandra Day O'Connor, mwanamke wa kwanza kuwa jaji katika Mahakama ya Juu kabisa ya nchi hiyo, walikubali kwamba Katiba ilivunjwa, maana mfungwa hakuwa na uchaguzi wa kweli. Lakini walimrekebisha jaji wa kwanza katika mambo mawili. Walisema haikuwa kazi yake kupima na kueleza imani ya watu wa programu. Tena, chama hakikupaswa kurudisha fedha kilizopokea kabla ya hukumu ya 2006, kwa sababu kazi ilifanyika na watu walitenda kwa nia njema. Mwaka 2008 programu ilifungwa katika gereza la Newton.

Tusishangilie upesi. Mahakama iliufunga mlango usio wa haki, lakini haikuwa kazi yake kufungua mwingine. Wale waliokuwa na mshauri wa kuwatembelea kila juma walibaki bila programu ile. Ni rahisi kushinda kesi juu ya wafungwa kuliko kuwapenda wafungwa.

4. JE, PROGRAMU ILIWABADILISHA WATU?

Wengine watasema, “Acheni maneno ya sheria. Kama watu wanaacha wizi, kuna ubaya gani?” Basi tutazame hesabu, nayo yataka uangalifu.

Mwaka 2003 mtaalamu mmoja wa Marekani alitoa uchunguzi juu ya programu ya Texas. Aliona kwamba, katika miaka miwili baada ya kufunguliwa, waliohitimu waliorudi gerezani walikuwa asilimia 8 tu, na wafungwa wengine waliofanana nao walikuwa asilimia 20. Habari hiyo ilitangazwa kwa furaha. Lakini uchunguzi huohuo ulikuwa na hesabu nyingine. Walioanza programu walikuwa 177, na waliohitimu ni 75. Ukiwahesabu wote 177, waliorudi gerezani ni asilimia 24, yaani wamezidi kidogo wale ambao hawakujiunga kabisa.

Kwa nini iwe hivyo? Tutumie mfano wa nyumbani. Tuseme katekista anaandikisha vijana arobaini katika darasa la kipaimara. Ishirini na watano wanaacha njiani. Kisha anasema, “Tazameni, vijana wa darasa langu wote huja kanisani!” Amewahesabu kumi na watano waliobaki, nao walibaki kwa sababu walikuwa na bidii tangu mwanzo. Kule Texas, ili mtu ahesabiwe kuwa amehitimu, ilimpasa awe ameshika kazi na kuhudhuria kanisani baada ya kufunguliwa. Ni wazi kwamba mwenye kazi na mwenye kanisa harudi upesi gerezani. Wakosoaji waliliona jambo hilo mwaka huohuo, wakalisema.

Lakini haki yataka tuseme na upande wa pili. Baadaye wachunguzi wa jimbo la Minnesota waliwafuatilia watu 732 waliofunguliwa kati ya 2003 na 2009. Waliwahesabu wote waliojiunga, hata walioacha njiani. Waliona kwamba kujiunga na programu kulipunguza kwa asilimia 26 hatari ya kukamatwa tena, na kwa asilimia 40 hatari ya kurudi gerezani kwa kosa jipya. Huko Minnesota programu iliendeshwa kwa sadaka za watu, si kwa fedha za serikali.

Twajifunza nini? Kwanza, tusiwe watu wa kutangaza hesabu nusu nusu ili Injili ipate sifa. Injili haihitaji uongo wetu. Pili, tusikate tamaa. Mfungwa anayepata rafiki wa kweli ndani, na kanisa la kumpokea nje, husaidika. Tatu, tukumbuke kwamba hata kama hesabu ingekuwa nzuri mara kumi, bado swali la haki lingebaki palepale.

5. NIA NJEMA HAITOSHI

Hii si mara ya kwanza kwa watu wa dini kupewa gereza wakalitengeneza wapendavyo. Mwaka 1787, katika mji wa Philadelphia, ilianzishwa jumuiya ya kupunguza mateso ya wafungwa. Wengi walikuwa wa Kanisa la Marafiki, na mwenyekiti wake wa kwanza alikuwa William White, Askofu wa Kiepiskopali. Waliona jela za siku zile zilivyojaa uchafu, ulevi na kupigwa, wakahuzunika. Wakafikiri kwamba mfungwa akikaa peke yake, kimya, na Biblia yake, dhamiri itamwamsha naye atatubu. Mwaka 1829 lilifunguliwa gereza kubwa la namna hiyo katika mji ule. Kila mtu alikuwa na chumba chake na ua wake mdogo, haoni mtu wala hasikii mtu, kwa miaka.

Matunda yake yalikuwa machungu. Watu waliharibika akili. Mwandishi Charles Dickens alilitembelea mwaka 1842, akaandika kwamba mateso hayo ya moyo ni mabaya kuliko ya mwili. Hata hivyo utaratibu ule haukufutwa rasmi mpaka mwaka 1913. Waliouanzisha hawakuwa watu wakatili. Walikuwa watu wa sala. Kosa lao ni kudhani kwamba toba yaweza kutengenezwa kwa ukuta na kufuli.

Linganisha na mama mmoja wa Kanisa lilelile la Marafiki, Elizabeth Fry wa Uingereza. Mwaka 1813 aliingia gereza la Newgate, London, akakuta wanawake na watoto wao katika hali ya kutisha. Alianza kwa kuwapelekea nguo za watoto wachanga. Mwaka 1817 aliwafungulia watoto shule, akawaletea mama zao kazi ya kushona. Alipotaka kuweka kanuni, aliwasomea wanawake wale kanuni moja moja, nao wakainua mikono kukubali. Aliwasomea Biblia, naam, lakini aliwahesabu kuwa watu wenye hiari.

6. NENO LA MUNGU LATUFUNDISHA NINI?

Tazama Matendo 16. Paulo na Sila wamo gerezani Filipi, miguu imefungwa kwa mkatale, nao wanaimba. Usiku milango inafunguka yote. Tazama ni nani aliyeongoka usiku ule: mlinzi wa gereza, yule mwenye funguo! Paulo hakuwa na kitu cha kumhonga. Hakuwa na chumba kizuri cha kumpa, wala barua ya kumwombea kwa wakubwa. Alikuwa na neno tu, na rehema, maana alimzuia asijiue. Imani iliyozaliwa pale haikuwa na sababu nyingine ila Kristo. Tena, asubuhi yake Paulo alidai haki yake ya uraia mbele ya wakuu. Hakuona aibu kuitumia sheria ya nchi. Basi sisi nasi tusidhani kwamba kila mtu anayedai haki yake kwa sheria ni adui wa Injili.

Soma tena Filemoni, mstari wa 14. Paulo, akiwa mfungwa, angeweza kumwamuru Filemoni juu ya Onesimo. Hakutaka. Alitaka wema wa Filemoni uwe wa hiari, si wa kushurutishwa. Ikiwa mtume hakutaka kumshurutisha Mkristo mwenzake katika jambo jema, sisi tutamshurutishaje mfungwa katika jambo kubwa kuliko yote?

Kisha turudi kwa Mathayo 25. Wale wa kuume walimtembelea mfungwa bila kujua kwamba wanamtembelea Bwana. Hatuambiwi kwamba walimwuliza dini yake kwanza. Na katika Yohana 6:26 Yesu mwenyewe aliwaambia waliomtafuta kwamba wamekuja kwa ajili ya mikate waliyokula. Aliwalisha, lakini hakufurahia kufuatwa kwa sababu ya tumbo.

Kwa hiyo jibu letu ndilo hili: Kanisa liende gerezani, liende mara nyingi, liende na upendo wa vitendo, lakini lisishike ufunguo. Chakula, choo cha heshima, kuonana na watoto, nafasi ya kufunguliwa mapema: hayo ni mambo ya haki, na serikali yapaswa kuyatoa kwa wote sawasawa. Siku tutakapoyafungia ndani ya darasa la Biblia, tutapata wafuasi wengi na waamini wachache. Tena hatutaweza kuwatambua waamini ni nani, na wao wenyewe hawatajijua.

7. NA SISI JE?

Pengine msomaji atasema, “Haya ni mambo ya Marekani.” Si kweli. Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, ibara ya 19, yasema kwamba kutangaza dini ni jambo la hiari ya mtu, na kwamba uendeshaji wa jumuiya za dini uwe nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 8, yasema kwamba nchi haina dini ya serikali. Wala Waanglikana tusijione safi. Kule Uingereza sheria ya magereza ya mwaka 1952 ilitaka kila gereza liwe na kasisi wa Kanisa la Uingereza. Kanisa letu lilipewa mlango wake wenyewe kwa muda mrefu. Ni mwaka 1999 tu idara ya magereza ya huko ilipomteua mshauri wake wa kwanza wa Kiislamu.

Tuje karibu zaidi. Tuseme akina mama na vijana wa mtaa wetu wanakwenda gerezani na katoni tatu za sabuni na mfuko wa sukari. Kwanza wanafanya ibada. Mwisho wanagawa. Sabuni haitoshi. Nani apewe? Mara nyingi hupewa waliokaa mbele wakaimba. Yule aliyebaki chini ya mti, kwa sababu ni Mwislamu au kwa sababu moyo wake una uchungu, hukosa. Wiki nyingine huyo naye atakuja kuimba. Sisi tutaandika katika taarifa kwamba Injili inaenea. Je, ni Injili iliyoenea, au ni sabuni?

Basi tufanye hivi. Vitu tunavyopeleka tumkabidhi mkuu wa gereza kwa uwazi, vigawiwe kwa wote kwa mahitaji yao, wagonjwa na mahabusu wasio na jamaa wakitangulia. Ibada yetu iwe wakati wake, na anayetaka aje. Shehe naye akija kwa watu wake, tumsalimu kwa heshima, wala tusimwombe askari amzuie. Tusimwahidi mfungwa kwamba tutamsemea kwa wakubwa akibatizwa. Akitaka kubatizwa, tumfundishe kama tunavyomfundisha mwingine yeyote. Tusisahau waliotendewa uovu. Mama aliyeibiwa ng'ombe na baba aliyeuliwa mwanawe wamo katika viti vyetu vya Jumapili, nao wataka kufarijiwa kabla ya kuambiwa wasamehe.

Zaidi ya yote, kazi yetu kubwa iko nje ya lango. Hapo hapana askari, hapana mlango wa mbao, hapana wa kulazimishwa. Mtu akifunguliwa na kurudi kijijini, nani atamkaribisha chai? Nani atampa kibarua cha kulima? Nani atakaa naye benchi moja kanisani bila kushika mfuko wake? Kazi hiyo hakuna mahakama itakayoikataza.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA VIKUNDI

1. Katika habari za Jengo E, ni jambo gani lilifanya hiari ya mfungwa isiwe hiari ya kweli?

2. Je, serikali ikitupa fedha za kuendesha kazi gerezani, tuzipokee? Tukizipokea, kwa masharti gani?

3. Kama gereza la karibu nasi lingekabidhiwa dini nyingine, na Mkristo asipate chumba kizuri mpaka ashiriki ibada yao, tungesema nini? Je, twasema hivyohivyo tunapopendelewa sisi?

4. Mtaa wetu unamjua mtu yeyote aliyefunguliwa mwaka huu? Amepokelewaje?

SALA

Ee Mungu Mwenyezi, ambaye Mwanao alikamatwa, akafungwa na kuhukumiwa kwa ajili yetu: Uwakumbuke wote walio magerezani, na wanaowalinda, na waliotendewa uovu. Utuondolee hila katika kutumikia, tusinunue kwa mkate kile unachokitoa bure kwa neema. Utupe ujasiri wa kuwapokea wanaorudi nyumbani. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.